Robo ya Kidonge

Fundi bomba huyu hakuitwa Robo na mama yake mzazi. Jina alipewa na wenzake wa karakana, kwa sababu ya tabia moja iliyowachosha. Kila alipokaza nati aliizungusha robo mzunguko tu, akachuchumaa kutazama kama maji bado yanavuja, ndipo akaongeza robo nyingine. Wenzake walibana kwa nguvu zao zote mara moja, wakapasua koki, kisha wakaanza kulaumu kiwanda. Robo hakuwa amepasua koki hata moja kwa miaka kumi na minne. Walimcheka, lakini ilipotokea kazi ya bomba la zamani, lile ambalo ukiligusa vibaya jengo zima linakosa maji, walimtafuta yeye.

Nyumbani alikuwa na mke, aliyefanya kazi ya udobi hotelini, na binti mmoja wa miaka sita. Binti huyo waliamua kumwita Chiriku, na ukikaa naye dakika mbili hukuuliza kwa nini. Mtoto alikuwa na mdomo! Alisimulia ndoto zake, akimaliza anasimulia za wenzake, na alimweleza jirani neno kwa neno kile baba yake alichosema juu ya jirani huyo. Mara mbili Robo alilazimika kwenda kuomba radhi nyumba ya pili kwa ajili ya maneno aliyoyasema akiwa bafuni.

Chiriku alikuwa na kifafa. Kilianza akiwa na miezi saba, homa ya kawaida ilipompandisha degedege la nusu saa. Watu wakasema ni homa tu, atakua na litaisha. Akakua, halikuisha. Mwaka alioanza shule lilirudi bila homa yoyote: mkono wa kushoto unaanza kurukaruka, macho yanageuka, kisha mwili mzima unakakamaa na kutikisika. Akizinduka alikuwa hakumbuki kitu, anauliza tu kwa nini nguo yake imelowa.

Kliniki kulikuwa na daktari wa ubongo aliyekuja kila Alhamisi, mama mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza na subira ya kushangaza. Alipojua kazi ya Robo alisogeza kiti karibu, akachukua karatasi na kalamu.

“Fundi, wewe utanielewa upesi,” alisema. “Kichwani mwa huyu mtoto kuna seli za neva, mabilioni kwa mabilioni. Kila moja ina ngozi, na ngozi hiyo ina vijilango vidogo mno. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, imejaa huko nje inasubiri. Kijilango kikifunguka, inaingia, na ikiingia inaleta umeme. Kijilango cha pembeni kinausikia umeme huo, nacho kinafunguka. Vivyo hivyo mpaka mwisho wa seli. Halafu vinajifunga, vingine vinatoa potasiamu nje, na seli inapumzika.”

“Valvu,” Robo alisema.

“Valvu kabisa. Sasa, pale mwisho seli haijaungana na mwenzake. Kuna kaupenyo. Inamwaga kemikali kidogo, inavuka, inafikisha ujumbe. Seli nyingine zinamwaga kemikali inayosema washa. Nyingine zinamwaga inayosema tulia. Ubongo wenye afya ni ule ambao hizo mbili zinaheshimiana.”

“Na kifafa?”

“Seli nyingi zinawaka kwa pamoja na hakuna wa kuzituliza.”

“Kwa hiyo valvu zinavuja.”

Daktari alisita kidogo. “Kwa leo tuseme hivyo. Hii dawa inabana vijilango vya sodiamu. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Msiongeze, msipunguze. Kuna watoto dawa hii haiwafai kabisa, kwa hiyo mkiona mabadiliko yoyote, mazuri au mabaya, mje.”

Robo alitoka pale kifua mbele. Zaidi ya miaka mitano alikuwa akisikia habari za pepo, za damu chafu, za jicho la mtu fulani, na leo mara ya kwanza mtu amemwambia ugonjwa wa mwanawe kwa lugha anayoijua. Njia nzima alimweleza mkewe habari za valvu. Na ukweli ni kwamba alikuwa ameelewa, tena vizuri, ila nusu tu. Vijilango alivishika. Seli zile zinazosema tulia alikuwa amezisahau hata kabla hawajafika kituoni.

Mkewe alikuwa akiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, maana mashuka ya hoteli hayasubiri jua. Basi waligawana. Dozi ya jioni ikawa ya mama, ya asubuhi ikawa ya baba.

“Asubuhi ni yako,” alimwambia. “Wala sitakuuliza. Mtu anayekaza nati kwa robo hawezi kunikosea kidonge.”

Wiki ya pili Chiriku alianguka Jumanne, na Ijumaa akaanguka tena. Jumamosi asubuhi Robo alikaa kwenye ngazi ya nyuma na pakiti ya vidonge mkononi, akafikiri kama alivyozoea kufikiri. Valvu imebanwa, bado inavuja. Sasa fundi gani anaondoka hapo? Akatoa wembe kwenye boksi la vifaa, akakikata kidonge kimoja vipande vinne sawasawa juu ya kifuniko cha bati. Kila kipande kilikuwa na pembe kali, kimekatwa kwa mkono usiotetemeka. Asubuhi ile Chiriku alimeza kimoja na robo.

Kwa nini hakumwambia mkewe? Alijua mkewe angejibu nini. Angesema tumuulize daktari, na daktari ni Alhamisi, na Alhamisi ina foleni ya kutoka asubuhi mpaka alasiri. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu ya kweli ilikuwa kiburi. Alitaka siku moja mkewe aamke aone mtoto haanguki, ashangae, ndipo yeye aseme kwa upole: nilirekebisha kidogo tu. Vidonge vya ziada alivipata duka la dawa karibu na karakana, kwa cheti kilekile, na muuzaji hakuuliza lolote.

Siku kumi na moja zikapita bila Chiriku kuanguka. Robo alitembea karakana nzima akipiga mluzi, mpaka wenzake wakamuuliza kama ameoa mke wa pili. Siku ya kumi na mbili mtoto akaanguka mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Akaongeza robo nyingine, akakaa kutazama. Akapata siku mbili za nafuu, labda tatu, akahesabu kuwa ni kazi ya ile robo. Kisha hali ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Asubuhi mikono ya mtoto ilianza kumruka ghafla, chai ikamwagika mapajani, kijiko kikarushwa ukutani. Akitembea aliyumba na kushika kuta. Baba mwenye akili timamu angesimama hapo. Lakini fundi huyu aliona bomba linalozidi kuvuja, na miaka kumi na minne ilikuwa imemfundisha jambo moja tu la kufanya. Akaongeza robo ya tatu.

“Umeona mtoto amepunguza maneno?” mkewe aliuliza Jumamosi moja, wakiwa wanakunja nguo zilizokauka. “Jana nimerudi hakunisimulia kitu. Nimemuuliza shule, kasema nzuri. Basi! Chiriku huyu, neno moja!”

“Ni dawa,” Robo alisema. “Dawa hizi zinaleta usingizi.”

“Kidonge kimoja tu kinamfanya hivi?”

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini mkewe alikuwa ameinama juu ya shuka, mikono imechubuka kwa sabuni ya hoteli, na mara akainua uso akasema, “Namshukuru Mungu asubuhi yuko na wewe. Dada yangu alinionya, akaniambia wanaume hawajui dawa za watoto. Nikamwambia huyu wangu humjui.” Robo akachukua ncha mbili za shuka, akasaidia kukunja.

Jumatano iliyofuata simu ilitoka shuleni. Chiriku alikuwa ameanguka mstarini na haamki. Robo alipofika alimkuta amelazwa juu ya meza ya walimu, madaftari yamesukumwa sakafuni, midomo imekuwa ya buluu, mwili unatikisika bila kupumzika. Mwalimu wake alikuwa ameshika saa mkononi akilia. Ilikuwa dakika ya ishirini na tano. Robo alimbeba, wakapata gari la mzazi mmoja, na mpaka muuguzi wa hospitali alipomchoma sindano ya kulituliza, ilikuwa imetimia dakika ya arobaini na tatu. Mkewe alikuja mbio na aproni ya kazini, mapovu yamekauka viwikoni. Alipanda kitandani akalala pembeni ya mtoto na viatu vyake.

Kesho yake, Alhamisi, daktari wa ubongo aliwaita chumbani kwake. Chiriku alikuwa ameamka. Alikaa mapajani mwa mama yake, mzito, macho mekundu, ulimi umeumia pembeni.

“Shikamoo, daktari,” alisema taratibu.

“Marahaba, mama. Pole sana.” Daktari alifungua faili. Alisoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. “Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wiki tisa. Na bado kifafa kimezidi namna hii.” Alikuna paji la uso kwa kalamu. “Kwa uzito wake, dozi hii ni ndogo. Kabla sijasema dawa imeshindwa, lazima tuipandishe. Tutakwenda kimoja na nusu, mara mbili kwa siku.”

Akaanza kuandika.

Robo alipiga hesabu haraka. Vitatu kwa siku. Mtoto tayari alikuwa kwenye viwili na robo tatu, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kunyamaza. Pakiti ile ya ziada angeitupa chooni, dozi mpya ingeandikwa kwa mkono wa daktari, na mambo yake yangezikwa hapo bila mtu kuyafukua. Mkewe angeendelea kumsifu mbele ya dada yake. Kitu kimoja tu kilimzuia. Kila alipoongeza, mtoto alizidi kuanguka. Alikuwa analijua hilo kwa siku nyingi, alikuwa akilizunguka tu bila kuligusa, na sasa kalamu ilikuwa inatembea.

“Daktari,” alisema, “usiandike.”

Kalamu ikasimama.

“Nimekuwa nikimwongezea. Asubuhi. Hajawahi kumeza kimoja tu tangu wiki ya pili. Nilianza na robo. Kisha nusu. Sasa ni kimoja na robo tatu.”

Daktari hakupandisha sauti. Alivuta karatasi safi. “Ulianza lini? Nitajie siku.”

Robo alizitaja. Hakukosea hata moja, kwa sababu kazi yake ilikuwa vipimo. Daktari aliziandika upande mmoja, kisha akafungua faili, ilimokuwa kadi ambayo mama aliijaza nyumbani kila mtoto alipoanguka, na kuandika siku hizo upande wa pili. Alizitazama pande zote mbili kwa muda mrefu.

“Kila ulipoongeza, ikawaje?”

“Nilidhani anapata nafuu. Siku chache tu. Halafu anazidi.”

“Anazidi,” daktari alirudia. “Na mikono kumruka asubuhi? Ilianza na robo ya pili?”

“Ndiyo.”

Daktari aliweka kalamu chini. “Sikiliza, fundi. Nilikwambia kuna seli zinazosema washa na nyingine zinazosema tulia. Zile za tulia nazo zinafanya kazi kwa vijilango vya sodiamu, vilevile. Bila sodiamu kuingia hazipati umeme, na bila umeme hazimwagi ile kemikali ya kutuliza. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu hapohapo. Vijilango vya seli za kutuliza ni dhaifu tangu tumboni. Dalili zake ndizo hizi: degedege refu la homa kabla ya mwaka mmoja, halafu kifafa kinarudi bila homa. Ningepaswa kulifikiria mapema zaidi, na hilo nalibeba mimi. Dawa hii haichagui. Inabana kijilango popote inapokikuta. Kwa mtoto wa namna hiyo inawanyamazisha walinzi.”

Safari hii Robo alielewa yote, na alitamani asingeelewa. Mwaka juzi aliitwa nyumba moja ambako hita ya maji ilikuwa imepasuka na kubomoa ukuta wa bafu. Mwenye nyumba alikuwa ameona valvu ya usalama inadondosha maji, akaiziba kwa kizibo, akakaza barabara. Valvu ile ilikuwa inavuja kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, kupunguza presha. Robo alimfokea yule mzee mbele ya wajukuu zake. Alimwita mjinga.

“Nimemharibu?” aliuliza.

“Sijui,” daktari alisema. “Sitakudanganya. Degedege la dakika arobaini linaweza kuumiza ubongo, na linaweza kupita bila kuacha alama. Tutamwangalia. Damu yake tutaipeleka ikapimwe vinasaba. Dawa hii tunaiondoa, na tutaiondoa sisi hapa wodini, maana nayo haikatwi ovyo. Ipo nyingine ambayo haigusi vijilango hivyo, inaisaidia ile kemikali ya kutuliza ikae muda mrefu zaidi.” Alikunja ile karatasi aliyokuwa ameanza kuandika, akaichana. “Ungenyamaza leo, ningempandishia. Hilo ulijue pia.”

Wakati wote huo mkewe Robo alikuwa amemkumbatia mtoto, kidevu juu ya kichwa chake. Sasa alitikisa kichwa.

“Hapana,” alisema. “Daktari, usimsikilize huyu. Hajalala tangu jana. Anatafuta kosa la kujibebesha, mimi namjua.”

“Mama Chiriku,” Robo alisema.

“Ningejua! Wiki saba, ningekosa kujua? Daktari, huyu mtoto hafichi kitu. Huyu anakutajia hata aliyejamba darasani. Baba yake angempa kitu kisicho cha kawaida siku moja tu, jioni ile ile ningeambiwa, na mtaa mzima ungeambiwa.” Alimgeuza mtoto amtazame. “Eti, mama. Asubuhi baba alikuwa anakupa dawa nyingine? Vipande vidogo?”

Chiriku alimtazama baba yake. Alinyanyua mikono yote miwili, bado ikitetemeka, akaziba mdomo wake. Aliubana kwa nguvu mpaka mashavu yakaingia ndani, akatikisa kichwa kukataa.

Mkewe Robo aliitazama ile mikono. Uso wake ukabadilika, akamwangalia mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Robo hakuweza kumtazama. Alitoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

“Sema, mwanangu. Mwambie mama.”

Chiriku alitikisa kichwa tena.

“Baba amekuruhusu. Sema.”

“Ulisema nikisema sitapona,” mtoto alisema nyuma ya viganja vyake.

Robo alikuwa amelisema hilo. Alilisema asubuhi ya kwanza, kwa haraka, akiwa anafuta wembe, ili tu apate utulivu wa siku chache. Hakuwa amelifikiria tena tangu siku hiyo.

“Nilikudanganya,” alisema. “Baba alikudanganya. Si kweli. Ukisema hakuna kitu kitakachotokea.”

Chiriku aliutafuta uso wa mama yake kwanza, kisha wa daktari. Ndipo akashusha mkono mmoja, halafu wa pili.

“Mama, usinigombeze,” alisema polepole, ulimi wake bado unamuuma. “Mimi sikusema kwa mtu. Jana tu, mstarini, nilimwambia rafiki yangu mmoja. Mmoja tu. Ndiyo maana nikaanguka.”